Duara moja na rula tupu: bikari tunaihitaji mara ngapi?

NuktaMoja (mleta uzi)

Wakuu, kuna jambo nataka tulichambue hapa kwa utulivu.

Kila aliyesoma jiometri alipewa vifaa viwili. Rula ya kuunganisha nukta, bikari ya kuchora duara. Kwa hivyo viwili unagawa pembe katikati, unasimamisha mstari kwa pembe mraba, unachora pembetano na mengine mengi.

Sasa weka masharti haya. Karatasi tayari ina duara moja na kitovu chake kina alama. Bikari umenyang'anywa. Umebaki na rula isiyo na vipimo, kazi yake ni kuunganisha nukta mbili na kurefusha mstari, basi. Hupimi, huhamishi urefu kwa vidole, huweki alama ya kalamu kwenye ukingo wa rula. Ni michoro mingapi ya rula na bikari utaweza kuifanya?

Jibu ni yote. Mfaransa Jean-Victor Poncelet alilidokeza mwaka 1822, na Mswisi Jakob Steiner akalithibitisha hatua kwa hatua mwaka 1833. Bikari ifunguliwe mara moja, ichore duara lolote mahali popote, kisha ikae kando moja kwa moja.

Sitaki tuishie kuambiwa. Nataka tulithibitishe wenyewe humu mpaka mwisho, na naamini mtu wa sekondari analifuata bila shida. Chukueni karatasi, maana kusoma kwa macho tu hakutatosha.

Kipimo_Sahihi

Kabla hujaenda mbali mkuu, hiyo rula ni ipi? Rula ya kawaida ina kingo mbili. Nikiilaza na kuchora pande zote mbili napata mistari sambamba bila jasho.

NuktaMoja

Hiyo hairuhusiwi, na umefanya vizuri kuuliza. Rula ya kingo mbili ina nguvu kupita watu wanavyodhani. Ukiruhusiwa kuilaza hivi kwamba kila ukingo upite kwenye nukta unayotaka, inafanya peke yake kazi yote ya rula na bikari, na duara hulihitaji kabisa. Kwa hiyo kwenye uzi huu rula ina ukingo mmoja.

mzee_wa_hoja

Naona mnacheza na maneno. Umesema "yote". Bikari inachora duara. Rula haichori duara hata ukeshe nayo. Kwa hiyo "yote" si kweli.

NuktaMoja

Hoja ni halali, mzee wangu. Hakuna anayedai kwamba utalipinda duara kwa rula.

Ila jiulize, katika mchoro wa kawaida duara lina kazi gani? Tunalichora ili tupate mahali linapokatana na kitu kingine. Ukishapata nukta hizo, duara lenyewe unaweza kulifuta. Kwa hiyo tunakubaliana kwamba duara "linajulikana" pale kitovu chake na nukta yake moja vinapojulikana, hata kama halijachorwa. Nitaliita duara la kufikirika. Tukiweza kupata mahali ambapo mstari unakatana na duara la kufikirika, na mahali ambapo maduara mawili ya kufikirika yanakatana, kazi imekwisha. Bikari haina cha ziada inachotupa.

mzee_wa_hoja

Sawa. Naendelea kusoma, ila sijalainika.

NuktaMoja

Twende kwenye zana ya kwanza. Hii haihitaji hata duara.

Una kipande AB, na nukta yake ya kati M inajulikana. Una nukta P nje ya mstari huo. Unataka mstari upitao P ulio sambamba na AB.

Chora mstari AP na urefushe kupita P. Chagua nukta yoyote S kwenye sehemu uliyorefusha. Unganisha S na M, S na B. Chora BP, itakata SM mahali, paite Q. Chora AQ na urefushe mpaka ukate SB, paite R. Unganisha P na R. Huo ndio mstari unaoutaka.

Kwa nini? Ndani ya pembetatu SAB mistari mitatu SM, AR na BP inakutana kwenye Q. Nadharia ya Ceva (1678) inasema katika hali hiyo AM/MB × BR/RS × SP/PA = 1. AM na MB ni sawa, kwa hiyo uwiano wa kwanza unajifuta, na kinachobaki ni BR/RS = PA/SP. Maana yake P na R zimegawa pande SA na SB kwa uwiano mmoja. Ndiyo maana PR ni sambamba na AB.

Angalieni kitu kimoja: S ilichaguliwa ovyo. Ukichagua S nyingine, Q na R zinahama, lakini mstari PR haubadiliki. Mimi hilo bado linanifurahisha kila nikilichora.

binti_wa_pembe

Nimechora, imekubali. Na nimegundua inarudi nyuma pia. Nikipewa mistari miwili sambamba, na kipande AB juu ya mmoja wao, napata nukta ya kati. Nachukua nukta mbili P na R juu ya mstari wa pili, AP na BR zinakutana S, AR na BP zinakutana Q, kisha SQ inakata AB katikati kabisa.

NuktaMoja

Kamili kabisa, dada. Kumbuka tu kuchagua P na R hivi kwamba PR isilingane na AB, la sivyo S haipatikani. Nukta ya kati inazaa usambamba, na usambamba unazaa nukta ya kati. Rula peke yake, kwenye karatasi tupu, haikupi hata kimoja kati ya hivyo. Hapo ndipo duara linapoingia.

Kipimo_Sahihi

Duara linaingiaje? Mpaka sasa halijaguswa.

NuktaMoja

Kila kipenyo ni kipande ambacho nukta yake ya kati tunaijua bure, nayo ni kitovu O. Kwa hiyo kwa zana ya kwanza tunachora mstari sambamba na kipenyo chochote. Kinachobaki ni kutoka kwenye kipenyo kwenda kwenye mstari wowote ule.

Chukua mstari m popote kwenye karatasi, usiopita O. Chagua nukta M juu yake. Chora MO, utakata duara kwenye U na V. Hicho ni kipenyo. Sasa chagua nukta X juu ya duara, nje ya mstari UV, na kwa zana ya kwanza pitisha kwenye X mstari sambamba na UV. Utakata duara tena kwenye Y. (Ukikuta umegusa tu bila kukata, badili X.) Chora kipenyo kutoka X kupita O mpaka X', na kingine kutoka Y mpaka Y'. Unganisha X' na Y'.

Una mistari mitatu: XY, UV, X'Y'. Yote ni sambamba, na wa katikati uko umbali sawa na wale wawili, kwa sababu X' na Y' ni X na Y zilizogeuzwa kupitia kitovu. Mistari hiyo mitatu inaukata mstari m kwenye E, M, F, na M iko katikati ya E na F.

Basi mstari m umepata kipande chenye nukta ya kati inayojulikana. Zana ya kwanza inafanya kazi juu yake, na sasa tunaweza kuchora sambamba na mstari wowote kupitia nukta yoyote. Kama m unapita O, kazi ni rahisi zaidi, wenyewe tayari ni kipenyo.

binti_wa_pembe

Na pembe mraba nadhani naiona. Nachora mstari sambamba na m unaokata duara kwenye A na B bila kupita O. Nachora kipenyo kutoka A mpaka A'. Pembe ABA' imekaa juu ya kipenyo, kwa hiyo ni nyuzi 90. A'B ndiyo mwelekeo ninaoutaka, nauhamisha kwa usambamba mpaka nukta yangu.

NuktaMoja

Sina cha kuongeza hapo.

ukingo_wa_karatasi

Nami nauliza: urefu je? Bikari kazi yake kubwa ni kubeba urefu kutoka hapa kupeleka kule, hata kwenye mwelekeo mwingine. Usambamba unabeba urefu kwa mwelekeo uleule tu.

NuktaMoja

Hilo ndilo swali lenyewe, na ndipo umuhimu wa duara unapoonekana. Usambamba peke yake haulinganishi urefu wa mielekeo miwili tofauti. Duara linalinganisha, kwa sababu nusukipenyo zake ni sawa kila upande.

Una kipande KL popote, O haiko kwenye mstari wake (ikiwapo, kihamishe kwanza kipande pembeni kwa usambamba). Kamilisha msambamba (umbo la pande nne, zinazokabiliana zikiwa sambamba): kupitia O chora sambamba na KL, kupitia L chora sambamba na KO. Zinakutana S. Sasa OS ni sawa na KL, na iko kitovuni. Mstari kutoka O kupitia S unakata duara kwenye T. Kutoka O chora mstari kwenye mwelekeo unaoutaka. Unakata duara kwenye T'. Kupitia S chora sambamba na TT', ukate OT' kwenye S'. Pembetatu OTT' ina pande mbili sawa, na OSS' inafanana nayo, kwa hiyo OS' = OS. Umeuzungusha urefu. Kisha kwa msambamba mwingine unaupeleka popote.

Kipimo_Sahihi

Wakati mnachora, niongeze kidogo kuhusu hawa watu. Poncelet alikuwa ofisa mhandisi katika jeshi la Napoleon. Alitekwa Urusi, Krasnoi, Novemba 1812, akapelekwa Saratov kando ya mto Volga na kukaa mateka mpaka 1814. Huko hakuwa na vitabu, ikabidi aijenge upya jiometri aliyojifunza kutoka kichwani. Kitabu cha 1822 kimetokana na kazi aliyoianza kifungoni.

Na upande wa pili wa sarafu hii upo: bikari bila rula. Mwaka 1797 Mwitaliano Lorenzo Mascheroni alionyesha kwamba bikari peke yake inatosha kupata nukta zote. Baadaye sana, mwaka 1928, kikaonekana kitabu cha Georg Mohr wa Denmark chenye matokeo yaleyale, kimechapwa 1672. Zaidi ya karne moja kabla!

mzee_wa_hoja

Historia nzuri, ila turudi kazini. Sijaona bado mahali duara la kufikirika linapokatwa. Hapo ndipo ahadi ilipo.

NuktaMoja

Haya, mzee. Duara la kufikirika lina kitovu C na nukta D. Mstari ni l. Tunataka nukta ambazo l unalikata duara hilo.

Wazo ni moja: maduara yote yana umbo moja. Duara la kufikirika ni duara letu lililokuzwa au kupunguzwa kutoka nukta fulani H. Tukiipata H, tutahamishia tatizo lote kwenye duara letu, tulitatue pale ambapo wino upo kweli, kisha turudishe jibu.

Chora kupitia O mstari sambamba na CD; unakata duara letu kwenye D'. Mistari CO na DD' inakutana H. (Unazo D' mbili za kuchagua, moja kila upande wa O. Kama moja inakupa mistari isiyokutana, chukua nyingine. Kama D iko juu ya mstari CO wenyewe, zungusha kwanza urefu CD uende upande mwingine.) Sasa chukua nukta E juu ya l, nje ya mstari CO. Chora HE. Kupitia O chora sambamba na CE. Zinakutana E'. Kupitia E' chora l' sambamba na l.

Mstari l' ni picha ya l. Duara letu ni picha ya duara la kufikirika. Kwa hiyo l' unakata duara letu kwenye X' na Y', nukta halisi unazoziona kwenye karatasi. Chora HX' na HY' mpaka zikate l. Hizo ndizo X na Y. Kama l' haugusi duara letu, basi l nao haukuwa unalikata lile la kufikirika.

mzee_wa_hoja

C ikiwa ni O yenyewe?

NuktaMoja

Basi H ni O. D' ni mahali OD inapokata duara, na E' unaipata kwa kuchora kupitia D' sambamba na DE mpaka ukutane na OE. Mengine hayabadiliki.

mzee_wa_hoja

Nimechora. Nakubali hii. Bado moja, maduara mawili ya kufikirika.

binti_wa_pembe

Ngoja nijaribu. Maduara mawili yakikatana, nukta zao mbili ziko juu ya mstari mmoja ulio pembe mraba na mstari wa vitovu. Nikiupata mstari huo, narudi kwenye hatua ya NuktaMoja ya mstari na duara. Kwa hiyo nahitaji kujua tu mstari huo unakata wapi C₁C₂. Tuseme ni nukta N, umbali x kutoka C₁, na vitovu viko umbali d. Kwa Pythagoras x² − r₁² = (d − x)² − r₂². Natoa x, lakini napata sehemu yenye r₁², r₂² na d chini. Inajengeka kwa pembetatu zinazofanana, ila ni ndefu.

NuktaMoja

Equesheni yako ni sahihi. Ihamishe tu: x² + r₂² = (d − x)² + r₁². Isome sasa kama pembetatu mbili za pembe mraba.

binti_wa_pembe

Ooh! Nusukipenyo zinabadilishana vitovu!

Kwenye C₁ nasimamisha kipande cha urefu r₂, ncha yake J. Kwenye C₂ nasimamisha kipande cha urefu r₁, ncha yake G. Equesheni inasema NJ = NG. Kwa hiyo N iko juu ya mstari unaogawa JG katikati kwa pembe mraba. Nukta ya kati ya JG ninayo, pembe mraba ninayo, mstari huo unakata C₁C₂ kwenye N. Hapo N nasimamisha mstari wa mwisho na kazi imekwisha.

NuktaMoja

Na kwa hapo nadharia imethibitishwa yote. Mstari na mstari rula inafanya yenyewe. Mstari na duara tumefanya. Duara na duara umefanya wewe. Mimi nimewahi kuona watu wakiimaliza hatua hii kwa ukurasa mzima wa mistari. Njia ya kubadilishana nusukipenyo ndiyo naipenda kuliko zote.

ukingo_wa_karatasi

Je, kwa njia hii naweza kugawa pembe yoyote sehemu tatu sawa?

Kipimo_Sahihi

Hapana. Hapa hatujaongeza nguvu, tumepunguza vifaa tu. Kile ambacho rula na bikari haziwezi, hiki nacho hakiwezi. Pierre Wantzel alionyesha mwaka 1837 kwamba kugawa kila pembe sehemu tatu sawa, na kupata mchemraba wenye ujazo mara mbili, haviwezekani kwa vifaa hivyo. Vinahitaji kipeuo cha tatu, na duara linakupa vipeuo vya pili tu. Rula peke yake haitoi hata hivyo vipeuo vya pili: ukianza na nukta zenye majira ya namba wiani (namba nzima au sehemu), kila nukta utakayopata kwa rula itakuwa na majira ya namba wiani. Kipeuo cha pili cha 2 hutakifikia kamwe.

mzee_wa_hoja

Nimelainika, nakiri. Ila nina swali la mwisho. Kila mara mnarudia "na kitovu chake kina alama". Kitovu ni cha nini? Duara lipo, nitakitafuta mwenyewe kwa rula.

NuktaMoja

Hutakipata. Na hapa sisemi kwamba ni kazi ngumu, nasema hakuna njia.

Chora duara kwenye kioo, ukishike juu ya meza, na uwashe taa yenye nukta moja ya mwanga juu yake. Kivuli cha mstari mnyoofu ni mstari mnyoofu. Mahali mistari miwili inapokutana, vivuli vyao vinakutana. Duara kwa kawaida linatoa kivuli kilichorefuka, lakini taa ikiwa imekaa upande, upo mwinamo maalumu wa meza, usio sambamba na kioo, ambao kivuli nacho ni duara kamili. Apollonius wa Perga alishalijua hilo: koni iliyoinama inakatwa kwa duara katika mielekeo miwili. Katika mwinamo huo, kivuli cha kitovu hakiangukii kwenye kitovu cha kivuli.

Sasa tuseme unayo njia ya kupata kitovu kwa rula tu. Ifanye kwenye kioo. Kila mstari wako unatupa kivuli mezani, na vivuli hivyo ni njia ileile ikifanywa kwenye duara la mezani. Kwa hiyo kivuli cha nukta ya mwisho kingepaswa kuwa kitovu cha duara la mezani. Lakini sicho. Njia hiyo haipo.

Kwa hiyo kitovu ndicho kinachobeba mzigo. Duara lenyewe hata ukilifuta sehemu kubwa haidhuru: Francesco Severi alionyesha mwaka 1904 kwamba kitovu na kipande kidogo tu cha tao vinatosha.

mzee_wa_hoja

Na nikiwa na maduara mawili bila vitovu?

NuktaMoja

Inategemea yamekaaje. Yakikatana kwenye nukta mbili P na Q, unashinda. Chagua A na B kwenye duara la kwanza. AP inakata duara la pili kwenye A', BQ inakata kwenye B'. Mikato (vipande vinavyounganisha nukta mbili za duara) AB na A'B' ni sambamba. Sababu: pembe BAP na pembe BQP zinajumlika kuwa nyuzi 180, kwa kuwa ziko mkabala ndani ya duara moja. BQP na PQB' nazo ni 180, ziko juu ya mstari mmoja. Kwa hiyo PQB' = BAP. Na PQB' na PA'B' ni 180 ndani ya duara la pili. Basi BAP na PA'B' zinajumlika 180, na mikato ni sambamba.

Sasa rudi kwa kubadilisha njia: A'Q inakata duara la kwanza kwenye F, B'P inakata kwenye K. FK nayo ni sambamba na A'B', kwa hiyo ni sambamba na AB. Mikato miwili sambamba ndani ya duara moja ni trapeza yenye pande mbili sawa. Mahali pande zake zinapokutana na mahali mishazari yake inapokutana, ukiunganisha, ni mstari unaopita kitovuni. Rudia kwa A na B nyingine, upate mstari wa pili. Inapokutana ndipo kitovu kilipo.

binti_wa_pembe

Maduara yenye kitovu kimoja pia yanakubali. Kutoka nukta W ya duara la nje natafuta mguso (mstari unaoligusa duara kwenye nukta moja tu) kwenda la ndani, na mguso unapatikana kwa rula tu: nachora mistari miwili kutoka W inayokata duara la ndani, mmoja kwenye A na B, mwingine kwenye F na G. AG na BF zinakutana mahali, AF na BG zinakutana mahali, nikiunganisha nukta hizo mbili mstari unakata duara la ndani kwenye nukta za mguso. Mkato wa duara la nje unaogusa la ndani unagawanywa katikati na nukta ya mguso. Nukta ya kati nimeipata, zana ya kwanza imerudi mkononi.

Kipimo_Sahihi

Yasiyokutana na yasiyo na kitovu kimoja ndiyo magumu. Lilikuwa swali la David Hilbert. Mwaka 2017 Akopyan na Fedorov walitoa kazi inayoonyesha kwamba kwa ujumla haiwezekani kupata vitovu vya maduara mawili kwa rula pekee. Cha ajabu, humohumo walionyesha familia zisizo na kikomo za jozi za maduara ambazo inawezekana.

ukingo_wa_karatasi

Na yakigusana kwenye nukta moja tu? Hapo Q haipo, njia ya NuktaMoja ya kwenda na kurudi inakufa.

binti_wa_pembe

Kwenda kupo, kurudi hakuna. Lakini kwenda kunatosha. Tuseme yanagusana kwa nje kwenye P. Chukua A na B kwenye duara la kwanza. AP inakata la pili kwenye A', BP inakata kwenye B'. AB na A'B' ni sambamba, kwa kuwa duara moja ni ukuzaji wa lingine kutoka P. Sasa una mistari miwili sambamba, kwa hiyo AB inagawanyika katikati: AB' na BA' zinakutana mahali, unganisha hapo na P, mstari unapita katikati ya AB. Ukiwa na nukta ya kati, pitisha sambamba na AB kupitia nukta nyingine ya duara la kwanza, upate mkato wa pili, kisha trapeza. Kama maduara yanalingana, AB' na BA' hazikutani kamwe, lakini hapo P iko katikati ya A na A', nukta ya kati umepewa bila kuitafuta.

ukingo_wa_karatasi

Nimechora yote mawili, yanayolingana na yasiyolingana. Yamekubali.